Pumu ya ngozi kwenye kope, na namba iliyokosewa

Jumapili iliyopita baada ya ibada mama mmoja tunaesali nae, mtu wa Bukavu, alinishika mkono akaniambia mwanangu hebu nisomee haya makaratasi, akatoa kwenye pochi bahasha tano, mbili hata hajazifungua. Watu kanisani wanajua kazi yangu ni namba za magonjwa, yani daktari akishamuona mgonjwa akaandika maelezo mimi ndo nayasoma nayageuza kuwa namba, zinaenda bima, bima inaangalia namba ndo inaamua ilipe au isilipe. Huku Marekani bila hizo namba daktari halipwi, na asipolipwa na bima anakutafuta wewe.

Ila kabla ya bahasha niliangalia jicho lake. Kope la juu la kulia limekua gumu, limekolea weusi kuliko ngozi ya karibu, kuna vimagamba vyeupe upande wa puani, na tukiwa tunaongea kila dakika mkono unaenda kukuna kwa mgongo wa kidole. Usiku halali. Anaumwa hivi mwezi wa tatu sasa.

Bahasha ya kwanza imeandikwa juu kabisa hii siyo bili, na yeye alikua keshaanza kutafuta hela ya kuilipa. Jamani hii naiona kila siku. Hiyo ni barua ya bima inakueleza daktari kadai kiasi gani, wao wamelipa nini, na wewe unaweza kudaiwa kiasi gani, usitoe hata senti mpaka bili ya daktari mwenyewe ije uzilinganishe. Bahasha ya tatu ndo ilikua bili kweli, dola 214, kwa sababu daktari wa macho alipeleka dai kwenye bima yake ya miwani. Bima ya miwani ni ya kupima macho ya kawaida na kupata fremu na lenzi basi, ugonjwa wa kope ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unaenda bima ya matibabu. Alipofika mapokezi aliulizwa kadi ya bima akatoa ya kwanza iliyokuja mkononi, na mtu wa mapokezi hakuuliza nyingine, yamekwisha hapo.

Sasa namba zenyewe. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015 Marekani ilipohamia mfumo mpya, eczema ya kope, hii tunayoiita pumu ya ngozi, ilitoka kwenye namba moja tu, 373.31, ikawa familia nzima. H01.131 ni kope la juu la kulia, H01.132 la chini la kulia, H01.134 la juu la kushoto, H01.135 la chini la kushoto. Ukiwa nayo kope zote nne hakuna namba moja ya kuzibeba zote, unaandika nne. Halafu ipo H01.139, ambayo maana yake jicho halijatajwa na kope halijatajwa. Orodha ya WHO, shirika la afya duniani, yenyewe inaishia H01.1, haina habari ya kulia wala kushoto, hii ni ya Marekani. Na ukipeleka H01.13 peke yake bila tarakimu ya mwisho dai linarudi, halijakamilika. Kama ni aleji ya kitu kilichogusa kope, tuseme rangi ya kucha, maana kucha zinagusa macho kutwa na ngozi ya kope ni nyembamba sana, hapo unahamia H01.11.

Mimi siruhusiwi kubuni. Hata nikimuona mgonjwa kwa macho yangu kope la kulia limevimba, kama daktari kaandika tu muwasho wa macho, naandika muwasho au namrudishia daktari swali. Ndo maana nawaomba sana ndugu zangu, mkiwa ndani kwa daktari semeni kope lipi, la juu au la chini, tangu lini, na mlipaka nini.

Kilichoniuma zaidi kipo kwenye programu ya hospitali kwenye simu yake, tuliifungua pamoja. Siku alipoenda kwa daktari wa ngozi walimuwekea mkalimani wa simu, mama akasema nina pumu ya ngozi tangu utoto, mkalimani akatafsiri pumu, ya kifua. Kwenye faili kaandikwa mgonjwa wa pumu, J45.909. Hajawahi kubanwa kifua maisha yake yote. Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wenye ngozi ya aina hii wengi kweli wana pumu pia, kwahiyo ilionekana inaingiana. Ngozi yenyewe ikapewa L30.9, yani ugonjwa wa ngozi usiotajwa aina.

Hiyo L30.9 ndo ilimnyima dawa. Daktari huyo wa ngozi alimuandikia tacrolimus, dawa ya kupaka isiyo na steroidi, kwa sababu mafuta ya steroidi ukiyapaka kwenye kope muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, sasa tacrolimus kibali chake tangu mwaka 2000 ni cha atopiki, yani ile pumu ya ngozi ambayo mara nyingi huanza utotoni, na bima ikaangalia ikaona ugonjwa usiotajwa, ikakataa. Wakati mama anakunja mkono ananionyesha kwenye viwiko makovu ya kukuna ya tangu yuko mdogo! Atopiki ya wazi kabisa, L20.9, ilikua inahitaji sentensi moja tu ya daktari.

Jumatatu nilikaa nae tukapiga simu, yeye akitoa ruhusa mimi nikiongea. Daktari wa ngozi alikubali kuongeza maelezo, wakaweka L20.9 na H01.131, maombi ya dawa yakarudi upya bima. Ofisi ya macho tuliwapa kadi sahihi, wakaandaa dai jipya la kwenda bima ya matibabu, na tukawaomba ile 214 waisimamishe isiende kwa wakusanya madeni mpaka jibu lije. Walikubali, niliandika jina la aliyepokea na saa.

Alhamisi dawa ilitoka. Amenitumia picha, bado peusi ila magamba yamepungua, na amelala usiku mbili mfululizo.

Imebaki ile pumu. Sheria inampa haki ya kuomba faili lirekebishwe na wao wana siku 60 za kujibu, kwahiyo tuliandika barua, nikamuandikia kwa kiingereza yeye akasaini, na chini yake akanambia mwanangu andika na kwa kiswahili, waone nilivyosema. Nikaandika: pumu ya ngozi, siyo ya kifua.