Delamere yupi hasa?

Hapa Nairobi watu huwachanganya akina Delamere ile familia ya walowezi Waingereza, kwa sababu "Delamere" ni cheo cha kibwanyenye, si jina la ukoo. Ukoo ni Cholmondeley, wa Cheshire, Uingereza. Cheo humwendea mwana wa kiume mkubwa baba akifa. Kwa hiyo ukisoma "Lord Delamere", tazama mwaka kwanza.

Yule mwanasiasa wa walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni ni Hugh, Lord Delamere wa tatu (1870–1931). Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kondoo walikufa kwa sababu majani yalikosa madini, ng'ombe wakaishia kwa magonjwa, ngano ikaliwa na kutu (ugonjwa wa ukungu). Hapo akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazohimili kutu, na hilo ndilo jambo lake lililodumu. Soysambu, shamba lake jingine, lakini, ipo katika Bonde la Ufa, ambako Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904. Msiliruke hilo.

Florence, mkewe wa kwanza, alifariki 1914 akimwacha mwana wao Thomas, aliyezaliwa 1900. Gwladys, wa pili, aliolewa 1928 na baadaye akawa meya wa Nairobi.