Babu Aliyejua Kugawa

Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana akiwa amevuka umri wa miaka 90, na tulimzika Old Moshi ndani ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, jirani na kaburi la baba yake, kama ilivyo desturi yetu Wachagga. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulitaja ubatizo wake, ndoa yake, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, pamoja na miaka aliyolitumikia kanisa akiwa mzee wa usharika. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakutosha kumweleza mtu tuliyempenda. Mimi ni mtoto wa kiume wa kwanza wa mwanawe mkubwa, na kwa sababu hiyo nimerithi jina lake. Naona ni wajibu wangu kuandika jambo ambalo kwangu ndilo lililombeba Babu maisha yake yote, nalo ni namna alivyogawa kila kilichopita mikononi mwake.

Alikuwa mkulima wa kahawa na mwanachama wa chama cha msingi kilichokuwa chini ya KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Msimu wa mavuno ulipofika tulichuma zile mbivu nyekundu tu, tukazimenya jioni ileile kwa mashine ya mkono, tukaziloweka, tukaziosha na kuzianika kwenye vichanja, naye akipita taratibu kuondoa zenye kasoro. Chama kililipa malipo ya awali wakati wa kupokea kahawa, kisha malipo ya pili baada ya mauzo. Kwa desturi ya kwetu kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, na ndizi zilikuwa za mwanamke, ambaye alizipeleka sokoni na kutumia fedha zake kwa chumvi, mafuta na mahitaji madogo ya nyumba. Babu hakuifuata desturi hiyo. Malipo ya awali yalikwenda kwenye ada za shule, na malipo ya pili aliyaweka mkononi mwa Bibi mbele ya watoto wote, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba Bibi alikuwa akila jasho la mumewe. Baba yangu husimulia jambo hilo hadi leo, na kila anaposimulia sauti yake hubadilika.

Kahawa yenyewe haikumtendea wema nyakati zote. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na Serikali, vikarudishwa katika miaka ya 1980, na mara baada ya makubaliano ya kimataifa ya mgao wa mauzo ya kahawa kusambaratika mwaka 1989, bei ilianguka vibaya. Majirani wengi waliitelekeza mibuni, wengine wakaing'oa na kupanda nyanya au migomba zaidi. Babu aliendelea kupiga mruturutu, dawa ya shaba, dhidi ya chule buni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, hata msimu ambao fedha ya dawa ilikaribia kulingana na fedha ya mavuno. Stakabadhi zake zote alizihifadhi kwenye sanduku la bati, na nyuma ya nyingi kati ya hizo aliandika kwa penseli jina la mtoto ambaye ada yake ilitokana na mzigo huo. Hakuna hata mmoja wa watoto wake, wa kike wala wa kiume, aliyekosa kusoma.

Kwenye maji ya mfereji alikuwa vivyo hivyo. Kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia, na zamu nyingine huangukia usiku wa manane. Zamu ya mjane aliyekuwa jirani yetu ilipoangukia saa hizo, Babu ndiye aliyeamka kwenda kumfungulia maji.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilihusu ardhi. Kihamba kwetu hurithiwa na watoto wa kiume: mkubwa hupewa eneo lake, na mdogo wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Binti hutarajiwa kuolewa na kupata ardhi kwa mumewe. Shangazi yangu alirudi nyumbani na watoto baada ya ndoa yake kuvunjika, na Babu hakumweka kwenye chumba cha uani kama mgeni anayesubiriwa kuondoka. Aliuita ukoo, akatembea nao mpakani, na mbele yao akaamuru masale, mimea ambayo kwetu huonyesha mipaka, yapandwe kuzunguka kipande cha ardhi yenye mibuni na migomba, kiwe cha shangazi na watoto wake. Wapo walionung'unika, tena kwa sauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na Babu aliijua, lakini ukoo aliuambia tu kwamba yule ni mtoto wake. Kisha akahakikisha muhtasari umeandikwa, mashahidi wametia sahihi, na nakala imebaki ofisi ya kijiji. Naupenda sana umakini huo wa karatasi, kwa sababu huruma isiyoandikwa mara nyingi huzikwa pamoja na mwenye nayo.

Siku ya kuanua tanga ndiyo siku ambayo familia nyingi tunazozifahamu zimegawanyika, ndugu wakaondoka bila kuagana. Sisi tulikaa chini ya mwembe, wazee wa ukoo wakauliza kama yupo mwenye dai lolote juu ya mali ya marehemu, na hakuna aliyesimama. Walisoma muhtasari ule, wakaurudisha kwenye sanduku la bati, wakaingia kwenye jambo lililofuata, ambalo lilikuwa ada ya mtoto mdogo wa shangazi anayeanza kidato cha tano. Ada hiyo ilichangwa palepale, na baba zangu wadogo waliowahi kunung'unika ndio waliotangulia kutoa.