Nani kawaambia Uingereza hela zinaokotwa?

Binamu yangu kaandika kwenye grupu la familia eti "nyie wa Uingereza hela mnaokota tu halafu mnatubania." Nimekasirika mpaka usingizi ukapaa, maana ndio nimetoka kulipa bili ya gesi na umeme, hela ambayo kule Mbagala ni kodi ya chumba miezi kadhaa, na hapo hita nawasha usiku tu.

Niko St Austell, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, nahudumia wazee. Juu ya mji kuna vilima vyeupe, mgeni anadhani ni vya asili kumbe ni taka za machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kaure na karatasi. Tani moja safi inaacha taka hadi tani 9. Aliyeugundua Cornwall ni mfamasia wa Plymouth, William Cookworthy, miaka ya 1740, na toka hapo watu wa huku wametoa jasho sio mchezo.

Mzee mmoja ninayemhudumia, baba yake alifanya kazi kwenye tanuri la kukaushia. Juzi kachukua peni akanichorea nyuma ya bahasha jinsi udongo ulivyotolewa enzi hizo, mkono unamtetemeka lakini anachora. Wanateremsha maji kwenye ukuta wa shimo, wanaume wako humo humo na sururu nzito wanavunja mwamba uliolainika, baridi na mvua juu yao. Maji yanakuwa meupe kama maziwa. Mchanga unazama kwenye mashimo yake na kuna mtu wa kuuzoa kwa koleo, maji yanapandishwa juu kwa pampu ya gurudumu la maji, baadaye injini ya mvuke, yanaingia mifereji mirefu isiyo na kina, yanatembea taratibu mno ili mika, vile vipande vyembamba vya mwamba vinavyong'aa, itulie chini udongo upite. Halafu mabwawa, udongo unatuama, maji ya juu yanatolewa. Zamani waliuanika nje miezi na miezi, akina mama na wasichana wakikwangua uchafu kwenye mabonge, bonge moja moja. Karne ya 19 ndio yakaja matanuri, sakafu ya vigae, chini unapita moto wa makaa ya mawe, karibu na moto udongo unakauka haraka, upande wa dohani siku kadhaa.

Na malipo? Julai 1913 wachimbaji waligoma wakitaka shilingi 25 za Kiingereza kwa wiki, wakaletewa polisi mpaka kutoka Wales, wakala virungu, Oktoba mgomo ukavunjika.

Wadogo zangu mnaotaka kuja, viza ya kazi ya kuhudumia wazee kwa walioko nje imefungwa tangu Julai 2025, dalali akikwambia anakufanyia mpango ficha hela yako.

Kinachoniuma zaidi ni Pugu. Pale Kisarawe udongo huo huo upo, yale mapango ya popo ni machimbo ya zamani ya kaolini, na sahani madukani kwetu bado tunanunua za nje! Kama kuna mtu anaufinyanga ule udongo aniandikie inbox, nataka kununua sahani moja nimpe huyu mzee, na bei nalipa anayotaja yeye.