Moshi wa jikoni kwenye picha ya treni

Kwetu Kigoma, mwisho wa reli, wazee bado wanasema gari moshi, ingawa kinachokuja siku hizi ni kichwa cha dizeli. Injini za mvuke ziliondoka kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa na hamu ya picha moja tu: treni ya mvuke ikishuka milimani, Ziwa Tanganyika likiwa nyuma yake. Kwa kuwa haipo, nikaona nipige picha ya hii iliyopo, mvuke niuongeze mwenyewe nyumbani.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti, na msimu ukaniponza. Wakati huo misitu ya miombo inachomwa, hewa inajaa utusitusi, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inafutika yote. Ziwa lilitoka kama shuka la kijivu. Kwenye programu ya kuhariri picha nikaburuta kile kitelezo cha kuondoa ukungu mpaka mwisho, nikaambulia chengachenga na anga lenye mabaka. Utusitusi wa namna ile dawa yake ni kusubiri mvua. Mara ya pili treni ilipita kukiwa giza, niliisikia tu.

Mara ya tatu ilikuwa Novemba, siku moja baada ya mvua. Nilikwishaongea na watu wa reli, wakaniambia nikae mbali na njia, basi nikapanda kilima, jua la saa tatu asubuhi likiwa mgongoni. Kamera yangu ni Canon ya mtumba yenye lenzi ya kuvuta ya milimita 55-250. Wengi wakiona mandhari kubwa wanachukua lenzi pana, lakini kwa lenzi pana milima ya Kongo inabaki uzi mwembamba juu ya maji. Nilivuta mpaka kama milimita 135, milima ikasogea ikasimama nyuma ya mabehewa. Nilielekeza fokasi mapema kwenye mataruma ya pale kwenye kona, nikapunguza tundu la lenzi hadi f/8, shata 1/500 ya sekunde, faili ghafi ambayo kamera haijaigusa. Halafu nikangoja huku nimeng'atwa na siafu. Treni ilipojitokeza nilibonyeza mara kumi na moja. Moja ndiyo iliyofaa.

Kuihariri hakukuwa na makuu: nikapunguza mwanga mkali wa mawingu, nikainua giza la chini ya mabehewa, nikafifisha kijani cha michikichi ambacho kamera hii hukizidisha kama rangi ya soda.

Kazi ilikuwa kwenye mvuke. Usiku nilitundika kitambaa cheusi ukutani jikoni, nikachemsha maji kwenye sufuria, nikaweka taa pembeni na kuupiga mvuke ukipanda. Picha hiyo nikaiweka kuwa tabaka la juu la picha ya treni, nikachagua mtindo wa kuchanganya unaoangaza: weusi wote unayeyuka, mvuke unabaki. Ni ujanja rahisi na unapendeza sana. Nikaurefusha, nikaulaza nyuma ya kichwa cha treni kama mkia, nikaipa picha nzima rangi ya kahawia ya zamani. Nikaichapisha na kumpelekea babu, ambaye alikuwa faiamani, mtunza moto wa injini, enzi za reli ya Afrika Mashariki, kwenye zile injini ndefu za mvuke zinazoitwa Garratt.

Akaishika mkononi, akanyamaza.

"Mjukuu wangu, hii inatoka Tabora au inakwenda?"

"Inaingia, babu."

"Inaingia, kwa hiyo inashuka. Mteremkoni dereva ameshafunga mvuke, treni inajiteremkia yenyewe. Moshi wote huu wa nini?"

Sikuwa na jibu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kama 770. Tangu reli hii ifike Kigoma mwaka 1914, anayekuja huku lazima ateremke. Nililijua hilo, sikuliunganisha na picha.

"Halafu tazama michikichi yako. Makuti yanalalia ziwani, maana yake upepo unatoka mlimani. Treni yenyewe inatambaa. Moshi ungeitangulia, wewe umeulaza nyuma. Na saa tatu, jua hili, mvuke haukai hivyo. Unatoka, unapotea. Ukitaka mkia mrefu, njoo alfajiri kwenye baridi, treni ikiwa inapanda, imejaa mzigo."

Nilicheka, lakini iliniuma, hasa hiyo ya michikichi. Niliitazama wiki nzima nikiipunguzia kijani.

Nilirudi kwenye kompyuta. Nikajaribu kumtii: mvuke kidogo, mwembamba, unaoelekea mbele. Ukawa sahihi, ila kichwa cha dizeli kinachotoa mvuke wa sufuria, hata ukiwa sahihi, kikaanza kunichekesha. Nikalizima tabaka lile lote, nikaondoa na ule ukahawia. Ikabaki treni, kona, maji ya buluu na milima ya Kongo.

Nakala hiyo ya pili babu aliitazama muda mrefu zaidi. Akahesabu mabehewa kwa kidole. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Dereva alipiga honi hapa kwenye kona?"

"Alipiga, babu."

"Ehe," akasema, akaniagiza nimtafutie msumari.