Kocha mwenye mvi akaingia golini

Leo nimeshinda kwenye jumba la kumbukumbu za hoki ya barafu hapa Toronto. Nje baridi, kiingilio nimeshalipa, basi nikasoma kila kibao.

Nikakwama kwa mzee mmoja, Lester Patrick.

Huyu ni wa zamani hasa. Alibeba Kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki, na timu ya Montreal Wanderers mwaka 1906 na 1907, na baadaye akawa kocha wa New York Rangers.

Sasa sikieni hii.

Aprili 1928, mechi ya pili ya fainali, wako Montreal dhidi ya Maroons. (Rangers hawakucheza nyumbani hata mechi moja, eti uwanja wao umechukuliwa na sarakasi!) Golikipa wao, Lorne Chabot, anapigwa jichoni na kisahani, kile wanachochezea badala ya mpira. Hawezi kuendelea. Golikipa wa akiba hakuna, na wapinzani wanakataa wasiazime wa timu nyingine aliyekuwa jukwaani.

Patrick, miaka 44, akavaa pedi akaingia mwenyewe.

Uso mtupu, jamani! Siku zile magolikipa hawakuvaa barakoa. Na kile kisahani nimekiona: cha raba nyeusi, kigumu kama kipande cha tairi la lori. Kikikupata mdomoni, meno utayaokota.

Akafungwa bao moja tu. Rangers wakashinda 2-1 muda wa nyongeza, na siku chache baadaye wakabeba kombe.

Haya watu wa soka, kocha wenu akikaa golini leo, zitaingia ngapi? Mimi wa kwetu namjua, simtaji 😂