Bloku ya maji ilivyonigomea, na nilivyoikomesha

Kaskazi ikishika Malindi, feni za kadi ya grafiki ya kompyuta yangu zilikuwa zikinguruma kama jenereta, joto nyuzi 84. Nikafunga bloku ya maji, kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji ya kuipoza. Ajabu, joto likazidi! Kufungua, pesti, ule ute wa kupitisha joto kati ya chipu na bloku, haikutandazika. Ilibaki kibonge vilevile juu ya chipu. Pedi za memori, vile vipande laini vya kupitisha joto, zilizokuja na bloku zilikuwa nene mno, zimeinyanyua isiikandamize chipu. Nikaweka za nusu milimita, pesti mpya, skrubu nikazikaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Maji ya kisima yetu haya ya chumvichumvi usithubutu. Nilitia ya betri, yasiyo na asidi. Kwanza pampu ya kuzungushia maji niliiendesha peke yake, kompyuta imezimwa, tishu chini ya kila kiungio. Kavu kabisa. Sasa hata mchezo ukikolea haipiti nyuzi 60.