Nilivyozima waifai, programu ya Java ikaanza kukimbia

Wakuu, kuna ushauri unanichosha. Ukisema tu programu yako ya Java inachelewa, hujamaliza hata sentensi mtu kashakwambia ongeza RAM. Wa pili anakuja na ongeza tredi, yaani kazi igawanywe ifanyike sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Wa tatu, huyu hakosekani kamwe, anakwambia achana na Java andika upya kwa lugha nyingine. Hakuna hata mmoja anayeuliza programu yenyewe inafanya nini muda wote huo. Mimi nimepewa vyote vitatu, viwili vikajaribiwa (cha tatu hapana, akili bado ninayo).

Programu yenyewe nilikabidhiwa, sikuiandika mimi, hilo naomba lieleweke. Inasoma mafaili makubwa ya logi, kila mstari una anwani ya ukurasa wa wavuti, inasafisha anwani, inaondoa zinazojirudia, inahesabu, inaandika kwenye hifadhidata. Mistari milioni kadhaa. Inawashwa jioni na watu wanaingia kazini asubuhi bado inajikongoja, na kilichokuwa kinaudhi zaidi ni kwamba haikuwa na muda wa kueleweka, faili lile lile leo inachukua hivi, kesho karibu mara mbili.

RAM ikaongezwa. -Xmx (kikomo cha memori ya Java) ikapandishwa, seva ikahamia daraja la juu na bei yake ya kila mwezi ikapanda nayo, matokeo sifuri. Na mtu angeweza kujua kabla ya kutoa hela, maana ukiwasha -verbose:gc (tulikuwa bado Java 8) unaona gabeji kolekta, mfagiaji wa memori wa Java, inapita mara moja moja, inamaliza kwa milisekunde chache, inatulia. Memori ikiwa ndo shida utaiona inapita mfululizo bila kupumzika na kila ikipita inarudisha kidogo tu. Hapa memori haikuwa na kesi.

Mwenye ushauri wa tredi alikuwa na uhakika wa ajabu. Eti badilisha stream() iwe parallelStream(), neno moja tu, umemaliza. Haya, nikabadilisha, na neno moja likazaa mengine kwa sababu HashSet ya kawaida (seti isiyopokea kitu kile kile mara mbili) ikiguswa na tredi nyingi kwa pamoja inaharibika kimya kimya, ikabidi niweke seti ya ConcurrentHashMap, hiyo inavumilia tredi nyingi. Prosesa ina kori nane, nikasema hata tukipata mara tatu si haba. Ikawa vile vile, na kuna siku ilichelewa zaidi! Ndo nikafungua top (inaonyesha prosesa inatumika kiasi gani), kitu ambacho kwa kweli kilitakiwa kiwe cha kwanza kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, nakuta prosesa iko asilimia tatu, nne. Kori nane zimelala. Sasa programu inayotafuna mamilioni ya mistari halafu prosesa imelala, hiyo haifanyi kazi, inasubiri kitu. Ukiiongezea tredi ni kama kuongeza watu kwenye foleni ya dirisha moja.

Kinachosubiriwa unakijua kwa jstack, inakuja na JDK (kifurushi cha zana za Java), hununui wala hupakui chochote. Unachukua namba ya prosesi kwa jps, unapiga jstack na hiyo namba, inakumwagia kila tredi iko wapi sasa hivi. Usipige mara moja ukaridhika. Piga, subiri sekunde chache, piga tena, rudia, halafu angalia ni methodi gani haibanduki. Kwangu haikubanduka java.net.Inet6AddressImpl.lookupAllHostAddr. Tredi moja imekaa humo, zingine zote zimeandikwa BLOCKED zinagombea kufuli moja. Na usidanganywe na ile iliyoandikwa RUNNABLE, tredi ikiwa ndani ya msimbo asilia wa mfumo Java inaiita RUNNABLE hata kama imekaa inangoja jibu la mtandao.

Nikabaki naduwaa. Mtandao wa nini? Programu inasoma faili lililoko kwenye diski! Nikashuka mistari ya chini: URLStreamHandler.getHostAddress, chini yake URL.hashCode, chini yake ConcurrentHashMap. Yaani aliyeandika alitengeneza seti ya kuondoa marudio ikiwa na vitu vya klasi ya URL. Na klasi ya URL, iliyokuwepo tangu Java 1.0 mwaka 1996, ukiiomba hashCode (namba ambayo seti inatumia kupanga vitu vyake) haisomi maandishi tu, inakwenda DNS kuuliza jina la tovuti lina IP gani halafu inatumia hiyo IP. equals, ile ya kulinganisha vitu viwili, nayo hivyo hivyo. Nyaraka zenyewe za Java zinakiri kabisa kwamba ulinganishaji huo unasimamisha tredi. Kwa hiyo kila mstari wa logi uliweza kuwa safari ya DNS, JVM (injini inayoendesha programu za Java) inakumbuka jibu sekunde 30 tu kwa kawaida, na logi za zamani zimejaa tovuti zilizokufa ambazo unangoja sekunde kadhaa mpaka ikate tamaa. Ndo maana muda ulikuwa unapanda na kushuka, ulikuwa unafuata hali ya mtandao.

Sasa kuwaambia watu hivyo, hawakuniamini. Eti kuweka kitu kwenye seti kunaita DNS, acha hizo. Basi nikakata kipande cha faili nikakiweka kwenye laptopu, nikawaita. Nikaendesha waifai ikiwa imewashwa: tukakaa, tukapiga stori, tukaendelea kukaa. Nikazima waifai, nikaendesha tena faili lile lile. Ikamaliza kabla sijageuza kichwa. Jamani ule ukimya! Maelezo ni rahisi, bila mtandao DNS inashindwa papo hapo na URL ikikosa IP inarudi kutumia jina lenyewe kwa herufi ndogo, kitu ambacho ndicho tulichotaka toka mwanzo. Mtu mmoja akapendekeza basi tuwe tunaendesha seva bila mtandao. Sijui kama alikuwa anatania.

Mwingine akasema ongeza networkaddress.cache.ttl ili JVM ikumbuke majibu muda mrefu. Hapana. Hatuhitaji jibu la DNS, sasa la kulihifadhi la nini? Nikahamia klasi ya URI kwanza, hiyo inachambua maandishi bila kuuliza mtu, ila ina ukali wake: anwani ikiwa na nafasi katikati au ile alama ya | inakurushia URISyntaxException, na logi za kweli zimejaa takataka za aina hiyo. Mwisho nikatumia String ya kawaida kama ufunguo: itifaki na jina la tovuti kwa herufi ndogo, porti ya kawaida naiondoa, njia naiacha ilivyo kwa sababu huko herufi kubwa na ndogo zina maana.

Prosesa ikaamka. Hapo sasa ndo profaila (zana ya kupima muda unaishia wapi) inaanza kuwa na faida, na mambo yaliyobaki yalikuwa ya kawaida: replaceAll ndani ya kitanzi inayojenga regeksi (kanuni ya kutafuta maandishi) upya kila mstari, nikaweka Pattern moja ya static, orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku ilikuwa ArrayList inayoulizwa contains, ikawa HashSet, uandishi wa hifadhidata ukahama kutoka mstari mmoja mmoja kwenda addBatch, mistari mingi kwa mpigo, na autocommit (kuthibitisha kila mstari peke yake) imezimwa. Kila moja ilipunguza kitu. Ila ningeanza na hizo wakati DNS bado imekalia kiti nisingeona tofauti yoyote. parallelStream niliifuta, tredi moja inatosha, kazi nzima sasa ni kama robo saa.

Balaa likaja kwenye hesabu. Idadi ya kurasa za kipekee ikapanda, na kwa wingi, wakaja mbio umeharibu programu. Wala. Tovuti mbili tofauti zikikaa kwenye IP moja, URL inazihesabu ni kitu kimoja kama njia inafanana, kwa hiyo kurasa za mwanzo za tovuti nyingi zilikuwa zinamezana miaka yote. Nikafungua faili la hosts, ambako unaipangia kompyuta mwenyewe jina lipi lina IP ipi, nikaweka a.test na b.test zote 127.0.0.1, nikaandika new URL("http://a.test/").equals(new URL("http://b.test/")), ikajibu true mbele yao. Ripoti za nyuma zikabidi zipigwe upya zote.

Kama una msimbo wa zamani, tafuta humo leo Set<URL> na Map<URL. SpotBugs, zana ya kukagua makosa kwenye msimbo wa Java, nayo inalijua hili, onyo lake linaitwa DMI_COLLECTION_OF_URLS. Sisi tulikuwa nayo kwenye mradi. Nilipoangalia faili la mipangilio yake nikakuta onyo hilo hilo limezimwa, na pembeni mtu kaacha maelezo: linasumbua.